Daktari Aanze na Yake

Juzi hospitalini, kwenye benchi la watoto, nikimngoja mjukuu wangu atoke kupimwa, sikutulia: naketi, nasimama, naketi. Kando yangu alikuwa mama wa Bondeni na watoto wake pacha wa miaka mitatu. Mmoja alikuwa akirukaruka. Wa pili alikuwa amelegea kifuani pa mamake, degedege limemwacha sasa hivi.

Daktari kijana akaja na sindano. "Vidole tumeshawatoboa, mama, wote wawili wana malaria. Hii damu ni ya utafiti, ukiridhia."

Mama akainuka, akamfunika mgonjwa kwa buibui. "Mumiani nyinyi! Mwanangu namrudisha nyumbani."

"Nyumba moja, mbu wale wale," daktari akasema mbiombio. "Huyu acheza, huyu azimia. Mwili una askari, na alama zao zimo damuni. Pengine wa huyu wamepigana kwa hasira hata wakabomoa nyumba yao wenyewe."

Mama ashafika mlangoni. Nikamkamata mkono. "We mwana, hilo kombe la aya za Kurani atakunywa baadaye. Degedege likimshika tena njiani, utafanyaje?"

Akamtazama daktari, akaniambia: "Basi aanze na yake."

Daktari akakunja mkono wa shati, muuguzi akamdunga. Mama akaikodolea macho ile damu mpaka kichupa kikajaa. Kisha akaketi, akanyoosha kijikono cha mtoto. "Toa. Usizidishe." Papo hapo mtoto akatundikiwa dawa.

Wasomi watamcheka. Lakini wakubwa wangapi wametaka damu za wana wetu miaka hii, na nani kati yao alikunja shati?