Taya Lililozikwa Kanduyi

Bado nina hasira na baba yangu, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kazi yangu hapa Kitale ni visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe ardhini. Miaka nenda miaka rudi nilimweleza baba kwamba baadhi yake ni ya wazee wetu wa kale kabisa, na kwamba taya moja linaweza kubadilisha yote tunayodhani kuhusu tulikotoka. Alicheka mpaka machozi, kisha akawasimulia wenzake kanisani kwamba bintiye ana babu nyani.

Mwaka huu alikuwa akichimba choo kwenye shamba lake la vitunguu kule Kapsokwony. Sururu ikagonga taya lenye meno, limeng'ang'ania mwamba. Akanipigia simu. Nikamwambia asiguse kitu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, kwa hiyo nilitoka Kitale baada ya siku tatu, nikiwa na furaha ya kijinga.

Nilikuta shimo tupu. Baba alikuwa amelibandua taya kwa tindo, akalisugua kwa sabuni ya unga, akalipaka mafuta, maana mzee hafikishwi nyumbani na matope. Kisha akalifunga kwa shuka jeupe, akalipeleka kwetu Kanduyi na kuwaita akina mama wa kanisa waje kuimba. Akalizika kando ya kaburi la nyanya yangu, na juu akamwaga saruji.

"Mama, si ni wewe ulisema huyo ni babu?" akaniuliza nilipomfuata huko Kanduyi. "Sasa babu angeachwa kwa shimo ya choo?"

Nilimpandishia sauti baba yangu mzazi. Nilimwambia mwamba ule aliouvunja ndio ungetuambia kiumbe yule aliishi lini, na kama alikuwa wa ukoo wetu au nyani wa kawaida. Nikaomba tuvunje saruji tuokoe hata meno.

"Hapa kwetu mzee hafukuliwi," akasema, akaenda kuwapa ng'ombe majani.

Inaniuma kwamba hakufanya kwa ubaya. Nilimwomba miaka yote aamini, na siku aliyoamini akaharibu kila kitu kwa heshima.

Wiki iliyopita alinipigia tena, sauti ya upole. Fundi wa msalaba amefika, akasema, na anataka kujua aandike jina gani.

Jina ndilo nililokuwa nimekwenda kutafuta. Nikamkatia simu.