Kandambili za Baba Mlangoni

Juzi nilikwenda Ndagoni kumpa pole Bi Mwanaidi, jirani yetu wa zamani, aliyefiwa na mumewe. Mlangoni palikuwa na kandambili za kiume, zimeoshwa, bado zinachuruzika maji. Nikasimama kuziangalia.

Baba alipofariki nilikuwa sijaanza shule. Niliwaona wanaume wakiondoka na jeneza, lakini sikuamini kwamba baba amekwenda nao, kwa sababu kandambili zake zilibaki kizingitini, na kwetu viatu vikiwa mlangoni mwenyewe yumo ndani. Mama alikaa eda, hatoki, wala sikumwona akilia. Kila alasiri alinyoosha mkono nje ya mlango, akazichukua, akazisugua kwa sabuni ya mche, akazirudisha pale pale. Harufu ya ile sabuni ilichanganyika na ya mwani uliokuwa ukikauka uani.

Alasiri moja akaja baba mdogo kuchukua nguo za marehemu zikagawiwe. Akapiga hodi kwa sauti kubwa. Nikamkimbilia.

"Usipige kelele, baba mdogo. Baba amelala."

Akaziangalia zile kandambili zilizolowa. Mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti yake ya kila siku:

"Mwache alale, shemeji. Nguo chukua."

Nilifurahi sana siku ile, kwamba kumbe mama naye anajua.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimezika wengi. Hata hivyo, pale kwa Bi Mwanaidi nilivua viatu vyangu kando ya zile kandambili, nikapiga hodi kwa kunong'ona.