Sinia la Pilau Kwenye Theluji

Mguu wangu wa kulia una vidole vinne. Nawaambia mapema msije mkanihurumia bure. Harusini nimecheza navyo mpaka wenye vitano wakaomba kukaa.

Nilitoka Mombasa nikiwa na miaka ishirini, mwishoni mwa miaka ya sitini, kuja Birmingham, Uingereza, kusomea ushonaji. Nilikaa mtaa wa Moseley kwa mama mdogo, Bi Zainabu, katika vyumba viwili vya juu vya nyumba kubwa ya zamani. Nazikumbuka siku zile kwa mapenzi, siwezi kuficha. Jumamosi tulizunguka mjini tukitazama nguo madirishani, kisha tukarudi na chipsi zenye siki ndani ya gazeti. Chini yetu alipanga Njeri, msichana wa Nyeri aliyesomea uuguzi, mcheshi asiyeogopa kitu.

Baridi yangu ya tatu, theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Kilima cha bustani jirani kilijaa watu, hata wanafunzi kutoka mtaa wa Selly Oak, kila mmoja na kibao chake cha kutelezea. Sisi hatukuwa nacho. Tukachukua sinia la pilau la mama mdogo, lile alilolibeba melini kutoka kwao.

"Tunaborrow tu," Njeri akasema. "Auntie hata hatajua."

Jamani, raha ya kushuka kile kilima juu ya sinia sijaipata tena popote! Nilivaa raba za turubai na soksi nyepesi. Mchana vidole viliuma sana, baadaye vikaacha. Nikadhani vimezoea, nikapanda tena kilima.

Nyumbani nilipovua soksi, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nilivibonyeza nisisikie kitu. Mama mdogo alisahau hata kunigombeza kwa ajili ya sinia. Kwetu mtu akiteguka hukandwa, akijifungua hukandwa, akichoka na safari hukandwa.

"Kaa hapo mwanangu, nikukande," akasema. Akachemsha maji, akatia chumvi, akaanza kunikanda mguu wa kulia, uliokuwa mbaya zaidi. "Yanaunguza?"

"Hata. Siyasikii. Ongeza, mama."

Akaongeza. Nami nikasema tena, ongeza.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba, una malengelenge makubwa yaliyojaa maji ya manjano. Maumivu yalirudi yote kwa pamoja, nikauma mto. Njeri alipopanda kunijulia hali alishika kichwa.

"Haiya! Mguu imekufa ganzi, mkaiweka kwa maji moto? Mmeupika huo mguu! Twende hosi, saa hii!"

Hospitalini daktari aliuinua mguu akautazama unyayo. "Baridi ilikuwa imegusa ngozi tu," akasema. "Kilichounguza ni maji. Nani alifanya hivi?"

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake.

"Mimi mwenyewe," nikajibu.

Kiingereza cha mama mdogo kilikuwa kidogo, lakini hicho alikielewa. Akaweka kikapu chini, akatoka.

Ngozi ya unyayo ilitoka vipande vipande. Kidole cha mwisho kikawa cheusi, kikanuka, kikakatwa. Kwa wiki tano hakuna aliyeweza kuniambia kama nitaukanyagia mguu ule. Mama mdogo alikuja kila siku na chapati, akakaa mwisho wa kitanda, asiniguse hata mkono. Hilo liliniuma kuliko kidonda.

"Mikono yangu haina kheri tena," aliniambia.

Nilipotoka, kidonda kilitakiwa kuoshwa kila siku. Njeri alimwonyesha mara moja: maji ya vuguvugu, na kwanza uyapime kwa kiwiko. Siku ya pili Njeri alikuwa kazini. Nikaweka mguu juu ya stuli, nikasema, "Mama, nioshe." Alilia. Kisha akatia kiwiko chake, akanishika mkono akatia na changu, ndipo akaniosha. Tulifanya hivyo miezi mitatu, mpaka nikatembea bila fimbo.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Njeri namshukuru mpaka leo. Wewe uliyetoka nchi za joto, nisikilize: vaa viatu visivyopitisha maji, na kidole kikiacha kuuma kwenye theluji, rudi nyumbani. Usikikande kwa maji ya moto. Nenda kwa daktari. Na aliyekuunguza kwa mapenzi, mwite akuguse tena mapema, kabla hajajihukumu.

Theluji ilirudi mwaka uliofuata. Nilikaa dirishani nikiwasikia watu wakicheka kilimani, miguu yangu nimeificha chini ya blanketi. Nilikuwa naogopa. Mama mdogo akaingia amevaa koti juu ya kanga, na buti za mpira. Akanitupia soksi nne za sufu.

"Vaa mbili mbili."

"Twende wapi, mama?"

Akalitoa sinia nyuma ya mlango. "Wewe utakaa nyuma unishike," akasema. "Mimi sijawahi."