Shingo ya Editha Haichanjwi

"Maziwa ya ng'ombe wangu unampa mbwa," alisema Bibi Scholastika, kikombe kitupu kikining'inia kidoleni. "Ng'ombe niliyemkamua mwenyewe alfajiri, na mgongo huu. Unampa mbwa."

"Mbwa, mama," akajibu Editha, mke wa mwanawe. Alikuwa amekaa mlangoni ananoa jembe kwa tupa, wala hakuinua macho. "Tangu tulipong'oa vitunguu."

"Tangu vitunguu. Ndiyo maana."

Ndiyo maana kweli. Mbwa yule alikuwa amenenepa hadi kubweka akaona ni kazi ya watoto. Mgeni akija, anamfungulia jicho moja kama mwenyekiti wa kikao, kisha analifunga.

"Nilikukamulia umezee dawa. Dawa kali haimezwi tumbo tupu, inatoboa utumbo. Hapa Sepuka hata anayetambaa analijua hilo."

"Anayetambaa hamezi kidonge, mama."

Sasa huyu Editha, kabla hajaugua, alikuwa mwanamke ambaye akishika jembe ardhi inajigeuza yenyewe kwa woga. Aliwahi kutoka shambani na gunia la alizeti kichwani, mtoto mgongoni na mbuzi mgonjwa kwapani, akafika nyumbani anaimba. Anayebisha akamwulize mbuzi.

Halafu baridi ikamwingia. Mwezi wa kumi, jua la kupasua mawe, watu wanagombea kivuli na kuku, yeye amevaa koti la mumewe Gerald na anaota moto. Akanenepa na huku chakula hakipiti. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Choo akawa anakisubiri kama mvua. Sauti ikawa nzito hata akiita mbuzi wake, yanakuja madume ya jirani. Usingizi ndio usiseme: alikaa kuchambua mlenda, akasinzia, alipoamka kuku alikuwa ametaga mapajani pake na kuanza kuatamia. Na pale mbele ya shingo pakavimba.

Kila mtu akaja na lake. Huyu akasema uvivu, yule akasema karogwa. Wengine wakasema ni chumvi ya kuchota ziwani. Basi nyumba nzima ikahamia chumvi ya pakiti, ile yenye madini joto, na shingo ikabaki palepale, haina habari.

Gerald ndiye aliyempeleka Singida mjini. Daktari, mama mmoja mpole, akampapasa shingo, akamtoa damu ikapimwe. Majibu yalipotoka akamweleza hivi: mwili una askari wake wa kuzuia magonjwa. Askari wa Editha wamelikosea tezi la shingoni, wanalipiga wakidhani ni mwizi. Tezi limechoka, halitengenezi tena kile kinachoutia mwili moto.

"Na hao askari hawafukuziki?" Editha akauliza.

"Hawafukuziki. Tutakupa kwa kidonge kile tezi linachoshindwa kutengeneza. Kila asubuhi, maisha yako yote. Hata ukijisikia mzima usiache."

Akameza. Kila asubuhi, kidonge na kikombe cha maziwa cha mama mkwe, kwa heshima zote. Na koti halikutoka mwilini. Aliporudi kupimwa tena, daktari akaitazama damu, akamtazama na yeye.

"Unameza na nini?"

"Na maziwa. Mama ananikamulia."

"Maziwa yanakikamata kidonge humo tumboni, hakifiki kwenye damu. Hiki ni cha tumbo tupu, na maji matupu. Ukae kama saa moja ndipo unywe uji. Maziwa kunywa mchana."

Ni rahisi kusema ukiwa Singida mjini. Lakini kumrudishia mama mkwe kikombe chake ni kumrudishia mkono aliokunyooshea, na maneno yake mtayasikia mpaka kwa wajukuu. Ndipo mbwa akapata bahati yake. Polepole koti likarudi kwenye msumari, na Editha akarudi kwenye matuta. Bibi Scholastika naye akatamba kisimani kwamba ni maziwa yake. Na kwa kuwa maziwa yamemaliza kazi, imebaki shingo tu, akamwita Mzee Mughwai, mchanjaji wa Misigiri anayekata uvimbe kwa wembe na kuupaka unga mweusi. Leo ndiyo siku yenyewe.

"Umenifanya mwongo mbele ya kisima kizima," alisema sasa.

"Sikukutuma, mama."

"Na mzee wa watu yuko njiani. Nimwambie nini?"

"Mwambie wembe anao, akanyoe ndevu."

"Shingo bado imevimba, Editha."

"Ivimbe. Ni yangu. Daktari kasema itapungua taratibu, au isiishe yote, na siyo neno, mradi nameza na maji, maana maziwa yanakikamata kidonge, na narudi kupimwa. Hili si jipu, mama, halina usaha. Akinichanja hapa nitamwaga damu bure, na askari wangu wataendelea na vita vyao kama hawajamwona."

"Unajua kuliko mimi niliyezaa ukoo huu?"

"Kuzaa unajua wewe. Shingo hii najua mimi, ndimi ninayelala nayo."

"Gerald amekubali."

"Basi achanjwe Gerald."

Mdomo wa Bibi Scholastika ukacheza, akaubana usicheke. Akakaa juu ya kinu kilicholala, kikombe mapajani. Alipotazama tena, alikuwa anamtazama mkwewe mikono: mikono ile iliyokuwa imevimba na baridi kama ya maiti, sasa inasukuma tupa.

"Kumbe yale ya mwanzo," akasema taratibu, "kabla ya mbwa. Kila asubuhi nilipokuwa nakuletea mimi mwenyewe, nilikuwa nakuzidishia ugo—"

Kikohozi kikasikika uani. Mzee Mughwai akaingia, vumbi la barabara hadi magotini, mkoba begani.

"Shikamoo, baba," alisema Editha akiinuka.

"Marahaba. Mgonjwa ndiye huyu?"

 Editha akamsogezea mzee kigoda, akaweka jembe begani, akapita kati yao akishika njia ya shamba la alizeti. Bibi Scholastika alimwangalia mpaka akapotelea nyuma ya mawe, wala hakumwita.