Rangi ya Kambi

Kila kiangazi, jirani yetu wa mtaa wa Alunguli, karani wa zamani wa reli, hulipaka gari lake rangi, na gari lenyewe halina motere, yaani injini. Wanajeshi waliichomoa wakati wa vita, wakamrudishia bodi iliyopakwa kijani cha kambi. Tangu hapo anasugua kwa msasa, anapaka buluu, anatukana. Brashi anaishika kama fimbo. Ila akisugua hadi kijani kikaanza kuchungulia, mkono husimama, akapaka juu yake. "Baba, si ukitoe tu hicho kijani?" mke wake humwuliza. "Wacha, Mama Chérie. Kina mwenyewe." Juzi akapita mheshimiwa mmoja akiomba kura, tumbo mbele, walinzi nyuma. Ndiye aliyekuwa kamanda wa wale wanajeshi. Siku hizi anahubiri amani kama aliyeivumbua. "Ee mzee, rangi muzuri! Hii gari ulinunua wapi?" Karani alichukua msasa, akausugua mlango wa gari mbele ya watu wote, vumbi la buluu likiruka kwenye suti ya mgeni, mpaka kijani kikaonekana chote. "Ndo hii rangi yako," akasema. "Nilikuwa nakuchungia, isipotee. Motere iko wapi?"