Beseni Lililotobolewa Juu ya Kaburi la Koko

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari za makaburi yetu ya zamani ya Masisi. Shule niliishia darasa la sita, na wako watu wanaokumbuka kunipita. Basi pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Makaburi hayo yako juu ya kilima, nyuma ya parokia. Pale wamelala watu waliofanya Masisi iitwe mji. Kuna mwalimu aliyewafundisha wazazi wetu kusoma. Kuna mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ambaye kamyo yake, lori la mizigo, ilifungua njia ya Walikale wakati wengine waliogopa matope. Wengine wanasema kuna aliyemtangulia, mimi sikuwapo. Na kuna koko wangu, mama wa mama yangu, aliyezalisha wanawake maisha yake yote.

Kwetu, muntu akizikwa, chombo cha kazi yake kinawekwa juu ya udongo. Lakini kwanza kinatobolewa ao kinapasuliwa, ili mwizi asione faida ya kukibeba. Mwalimu alikuwa na janti, chuma cha gurudumu la gari, alilogonga kama kengele. Lilipigwa nyundo mpaka likapasuka. Mfanyabiashara aliwekewa volan, usukani wa kamyo yake, imekatwa. Koko aliwekewa beseni lake jeupe, tundu kwenye kitako.

Vita vilipofika Ngungu, watu walipanda kwetu na watoto mgongoni, katika mvua. Madarasa yalijaa, parokia ikajaa. Kuni hazikuwepo. Misalaba ya mbao ikaanza kuishia kwenye majiko. Nilikasirika sana, lakini haki isemwe: mwenye mtoto anayetetemeka hana nafasi ya kusoma jina lililo juu ya mbao. Ningekuwa mimi, labda ningeivunja vilevile.

Halafu shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mgeni aliyeletwa kwetu wakati wa vita, akatazama kilima kisicho na misalaba, akasema pale juu ni uwanja mtupu, vibanda vijengwe. Sisi wamama wa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ambao kila mwaka tunapalilia makaburi kabla ya sikukuu ya wafu, tulisikia asubuhi tukapanda mbio. Tukakuta wanaume wameshakusanya vyombo rundo moja, na kamba za vibanda zimenyooshwa.

"Shefu, hii njo nini?" nikauliza.

"Takataka, Mama. Watu wa soko walikuwa wanatupa huku."

"Takataka yenye kupangwa mustari?" mwenzangu mmoja akamwuliza. "Kwenu munatupaka takataka na rula?"

Wanaume wakacheka. Shefu hakucheka. "Mama, mvua iko inapiga watoto. Wafu hawasikie baridi."

Nikaenda kwenye rundo kutafuta beseni la koko.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Ngungu, jembe mkononi, aliyekuwa amekwisha kupewa kipande chake cha kujenga. Aliokota beseni kwenye rundo, akaligeuzia mwangaza, akatia kidole tunduni.

"Papa Shefu, hii haiko takataka. Hii walitoboa na musumari. Hata kwetu tunafanyaka vile." Akatazama miguu yake. "Njo kusema niko nasimama juu ya nani?"

"Juu ya koko wangu," nikasema. "Alikuwa anazalisha watu."

Akarudi nyuma polepole, kama mtu aliyekanyaga kitanda cha wenyewe.

"Pole, Mama. Lakini miye nitalala wapi?"

Sasa swali likawa letu. Chini ya makaburi lilikuwepo shamba la kikundi chetu, maharage yameanza kutoa maua. Tulitazamana. Mkubwa wetu akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Basi leo tunakula majani ya maharage. Mung'oe, vibanda viende kule."

"Na kesho watoto yangu watakula makaburi?" akauliza mwenzetu mjane. Alikuwa na haki, na hakuna aliyemkemea. Alikaa kwenye jiwe tuking'oa, kisha akashuka, akang'oa mistari yake mwenyewe kwa hasira, haraka kutupita sisi wote. Shefu alivua koti lake akasaidia. Jioni kamba zilikuwa zimehamia chini, na juu hakukubaki hata mti mmoja wa kibanda.

Kurudisha vyombo ndiko kulinipa wasiwasi. Janti na volan, watu walikubaliana. Beseni nililiweka safu ya pili, ambapo yule mama alikuwa amesimama. Dada yangu anasema nimekosea kwa kaburi moja. Inawezekana.

Siku moja nilikuwa napalilia nikasikia yule mama wa Ngungu akiwafukuza watu wapya waliofika kutafuta kuni.

"Pitieni kule. Hapa iko nalala mama mwenye alizalisha Masisi yote."

"Yote? Hata shefu?"

"Hata shefu. Hata baba yake."

Ukweli, si Masisi yote. Kwenye hospitali walikuwepo masista na wazalishaji wengine, nao walifanya kazi kubwa. Na shefu alizaliwa mbali kabisa. Nilisimama ili nimrekebishe. Lakini wale watu walikwisha kugeuza njia, wakikanyaga kwa uangalifu, na yeye alikuwa amesimama na jembe lake begani kama mtu wa ukoo wetu. Nikainama, nikaendelea kung'oa majani.