Shika Sifuri

Behewa lilianza kuteremka nikiwa nimeligeuzia mgongo, nimechuchumaa mwisho wa reli na ncha ya futikamba mkononi. Nilikuwa nimenuna, ndiyo maana sikugeuka.

Dada yangu mkubwa ni mpimaji. Ofisini kwao wanamwita Futikamba, na jina limemkaa: hata pazia la sebuleni kwake alilipima upya fundi alipolileta. Nilipokosa kazi ya ushonaji alinichukua nimsaidie, ila kwa masharti. Darubini yake ya kupimia nisiiguse, maana hata shemeji haruhusiwi kuifuta vumbi. Na nikishika sifuri, yaani ncha ya futikamba, nisiachie mpaka aseme. Akivuta, maana yake imelegea, nikaze. Tumefanya hivyo mpaka mkono wangu unatii bila kuniuliza.

Siku ile tulikuwa kwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa tukiwa wadogo. Jumba lenyewe lilikuwa limeokolewa lihifadhiwe, lakini reli za pembeni, zile za kupakilia mizigo, zilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu pamoja na behewa moja lililosahauliwa juu yake. Dada alitakiwa kuzipima na kuzichora kabla hazijaondoka. Wakata vyuma nao walishaingia, na mashine zao zilipiga kelele za kutoboa masikio.

"Dada, tupumzike kidogo, mgongo unaniua," nilimwambia asubuhi ile.

"Utapumzika reli zikiisha. Shika sifuri."

"Hiyo darubini ingekuwa na mgongo, ungeionea huruma."

Nikaenda zangu mwisho wa reli nimevimba kama andazi, maana niliamini nilichosema.

Kwa macho ungeapa reli ile ni tambarare. Darubini ilimwonyesha dada kwamba inateremka kuelekea kwangu, naye akamwonya msimamizi wa wakata vyuma: kabari zilizo chini ya magurudumu zisiguswe. Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Lakini kabari nayo ni chuma, na vijana wake walipomaliza kuyagonga magurudumu yalegee, walizichomoa wakazitupa kwenye rundo.

Dada alikuwa katikati, kati yangu na behewa, darubini imesimama kando yake. Aliliona likitikisika. Alipiga kelele, mashine zikazimeza. Ndipo akavuta futikamba.

Nikakaza.

Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Nikakaza kwa hasira, nikisema moyoni kwamba leo sitampa sababu ya kunisema. Nikapiga na goti chini.

Mara futikamba ikalegea, ikaanguka kwenye majani. Dada hajawahi kuangusha futikamba maishani mwake. Nikageuka, macho yakanitoka pima. Behewa lilikuwa linakuja, wakata vyuma wametoka mguu niponye, na miguu yangu imekufa ganzi. Dada alikuwa anakimbia sambamba na gurudumu huku amekumbatia darubini yake. Akalipita, akaisukuma yote chini ya gurudumu, miguu yake mitatu ya mbao, kioo na kila kitu.

Mbao zililia. Chuma kikasaga chuma, behewa likasita, likaisukuma darubini kidogo, likasimama. Nilikuwa naweza kuligusa.

Wanaume walirudi mbio na kabari zao. Dada hakuwatazama. Alinishika mkono, ule wenye futikamba, kwani bado nilikuwa nimeikaza.

"Kwa nini hukuachia, wewe? Kwa nini?"

"Ulivuta, dada."

Akaketi juu ya reli akalia kwa sauti mbele za watu, yeye ambaye hata msibani husimama pembeni akipanga viti. Mimi niliona aibu kwa maneno yangu ya asubuhi.

Reli zilizobaki tulizipima kwa futikamba peke yake. Alitoa msumari mfukoni, akaupigilia kwenye taruma la mwisho, gogo lililobeba reli, akatundika sifuri hapo.

"Wewe njoo huku nilipo," akasema.

Hadi leo sifuri inashikwa na msumari.